Mmekata mwezi, mkakata na maiti

Mhariri,

Katika toleo lenu la Jumapili iliyopita mlichapisha makala kuhusu Pompeii, mji wa kale wa Italia uliofukiwa na volkano ya Vesuvius, na juu yake mkaweka picha kubwa ya mlima unaotapika moto usiku. Maelezo ya chini yalikuwa mafupi: "Mlipuko wa Vesuvius, mwaka 79." Jina la mchoraji halipo. Mwaka iliochorwa haupo. Na picha yenyewe si nzima. Upande wa bahari umekatwa, na sehemu ya chini imekatwa vilevile, hata kilichosalia ni moto mtupu. Makala niliisoma mpaka neno la mwisho na ilikuwa nzuri. Ndiyo maana picha imeniuma, na naomba nafasi nieleze.

Picha hiyo ni kazi ya Joseph Wright, Mwingereza wa mji wa Derby aliyezaliwa 1734 na kufariki 1797. Aliichora kwa rangi ya mafuta juu ya turubai baina ya 1776 na 1780. Upana wake ni kama sentimita 176 na kimo chake 122, na leo imo katika jumba la sanaa la Tate, London. Pompeii ilifukiwa mwaka 79, kwa hivyo Wright aliposhika brashi ilikuwa imeshapita takriban miaka 1,700. Msomaji aliyeyaamini maelezo yenu ataondoka akidhani kuna mtu aliyesimama siku ile akachora alichokiona. Shahidi wa siku ile yupo, naye ni Pliny mdogo, aliyekuwa kijana wa miaka 17 ng'ambo ya ghuba, na baadaye akamwandikia mwanahistoria Tacitus barua mbili kuhusu wingu lile na tetemeko lile. Lakini yule alituachia maneno. Rangi hatuna.

Mimi ni mchora mabango. Tangu ujana wangu nimechora vibao vya maduka, milango ya malori na mbavu za matatu, kabla ya stika za kuchapishwa kwa kompyuta kutuharibia soko. Aliyenifunza kazi alikuwa na karakana ya mabati karibu na Mwembe Tayari, na ndani ya kabati la rangi aliweka kitabu kikubwa cha picha za wachoraji wa Ulaya, jalada limeng'oka, kurasa zimejaa alama za vidole. Picha ya Wright ilikuwemo, ukurasa mzima. Tuliinakili ukutani mwa mkahawa mmoja wa Majengo. Mwenye mkahawa alikuwa akiuza mishkaki, na alichotaka, kwa maneno yake, ni "ukuta uwake".

Sisi wanafunzi tulilikimbilia kopo la nyekundu. Fundi akatukataza. "Wekeni usiku kwanza," alisema, "moto utakuja." Ukuta wote ukapigwa giza: bluu iliyotiwa nyeusi na kahawia, ikazimuliwa kwa tapentaini. Kisha akaanza bahari. Katika picha ya Wright mwezi uko nyuma ya mawingu, na mwanga wake unamwagika juu ya maji ya Ghuba ya Napoli, visiwa vikionekana kwa mbali. Fundi alichanganya nyeupe na bluu na tone la kijani, akaipaka kwa brashi kavu, akaifuta kwa kitambaa, akaipaka tena, mpaka upande ule wa ukuta ukawa na ubaridi wa alfajiri. Hapo ndipo alipolifungua kopo jekundu. Na hata hapo hakulimwaga. Alianza pembeni na kahawia iliyoungua, ikaja nyekundu, ikaja rangi ya machungwa, ikaja njano, na katikati kabisa ya moto, pale ambapo sisi tungeweka nyekundu kali kuliko zote, aliweka nyeupe iliyoguswa na njano, nene, kwa mpigo mmoja wa brashi, wala hakuisawazisha. Nilikuwa nyuma yake nimeshika kopo. Mlima uliwaka.

Wanaopima joto la lava, yaani mwamba ulioyeyuka, watakwambia jambo hilohilo. Nyekundu iliyokoza ni ya lava inayopoa, kiasi cha nyuzi 700 za Selsiasi. Ile inayotoka mdomoni mwa mlima ikiwa na nyuzi 1,100 au zaidi huelekea njano. Wright hakuwa na kipimo cha namna hiyo, alikuwa na macho tu, lakini macho yenyewe yalikuwa yamezoezwa kwa miaka mingi. Kabla hajafika Italia alikwisha jijengea jina kwa picha za mwanga gizani. Mwaka 1766 alionyesha picha ya mtaalamu anayewafundisha watu mwendo wa sayari kwa taa iliyofichwa mahali pa jua. Mwaka 1768 akafuatisha ile ya ndege aliyetiwa katika chombo cha kioo kinachonyonywa hewa, nyuso za watazamaji zikimulikwa na mshumaa mmoja. Akachora pia wahunzi na chuma chao kilichopashwa moto. Mtu huyo hakwenda Vesuvius kutafuta nyekundu. Alikwenda kama mjuzi wa taa mbili zinazokutana mahali pamoja.

Mkazi wa Mombasa hahitaji darasa kulielewa hili. Nenda Lighthouse jioni ya mwezi mpevu, usimame kando ya muuza mihogo. Upande wa uso wake unaoelekea jiko ni mwekundu, na bega lake linaloelekea bahari ni jeupe la majivu. Ukiuzima mwezi, ule wekundu unakuwa rangi tu. Sasa ninyi mmeikata bahari, na mwezi ukaondoka nayo. Moto mliotuachia hauna ubaridi wa kupigana nao, ndiyo maana kwenye ukurasa wenu ulionekana kama doa la wino. Wapo watakaosema ni uchapishaji hafifu. Mimi nasema ni mkasi.

Ningependa wasomaji wajue pia safari ya picha yenyewe, kwa sababu ina funzo kwa yeyote anayefanya kazi ya mkono. Wright aliondoka Uingereza mwishoni mwa 1773, mkewe akiwa mjamzito, na mtoto wao akazaliwa Roma. Alifika Napoli majira ya vuli ya 1774 na akaupanda mlima. Akamwandikia ndugu yake kwamba ameona jambo la ajabu kuliko yote katika maumbile, na akatuma ujumbe kwa rafiki yao John Whitehurst, fundi wa saa wa Derby aliyekuwa akichunguza miamba: laiti angalikuwa naye mlimani, kwani fikra za Whitehurst zingezama ndani ya tumbo la mlima, ilhali zake yeye zilipita juu juu tu. Maneno hayo nayapenda mno. Mchoraji anakiri kwamba anauona uso wa kitu, na kwamba yuko mwingine anayejua kinachochemka chini yake. Na akijua hivyo, bado anashika brashi. Alirudi kwao akachora Vesuvius zaidi ya mara 30, nyingi akiwa Derby, mbali na bahari na mbali na moto, akitegemea michoro ya haraka na kumbukumbu. Mojawapo ilinunuliwa na Malkia Catherine wa Pili wa Urusi.

Tena mlipuko aliouchora ni mkubwa kuliko aliouona. Mwaka 1774 mlima ulikuwa ukitoa moto, lakini milipuko iliyotikisa karne ile ni ya 1767, 1779 na ule wa Juni 1794 ambao lava yake iliufunika mji wa Torre del Greco. Wright alichukua alichokiona, akakikuza, akakipanga pamoja na mwezi, visiwa na watu. Kwa hivyo picha hii haitoi ushahidi wa mwaka 79, na hata kwa 1774 si kumbukumbu kamili. Ni fikra ya mtu kuhusu moto, maji na binadamu, na kila kipande alikiweka makusudi. Kipande kikiondolewa, fikra inakatika katikati kama sentensi isiyo na kitenzi. Ninyi mnaoishi kwa sentensi mngepaswa kulijua hilo kabla yangu.

Kama mlihitaji picha ya kishahidi, karne hiyohiyo ilikuwa nazo. Sir William Hamilton alikuwa mjumbe wa Uingereza huko Napoli tangu 1764, akaupanda mlima mara nyingi kupita kiasi, akaandika barua za uchunguzi kwa wanasayansi wa London, na mwaka 1776 akatoa kitabu kikubwa chenye picha za Pietro Fabris, aliyemchukua mlimani achore mbele yake. Alikuwepo pia Mfaransa Pierre-Jacques Volaire, mtu wa Toulon, mji wa bandari kama wetu, aliyehamia Napoli akauona mlipuko wa 1771 kwa macho yake na kuurudia katika turubai nyingi kwa ajili ya wasafiri matajiri. Volaire naye mara nyingi aliweka mwezi upande mmoja na moto upande wa pili. Hawakuwa wakiigana ovyo. Kila aliyesimama pale usiku aliona hivyo.

Sasa nije kwenye sehemu ya chini, ambayo ndiyo iliyonifanya nitafute karatasi ya kuandikia.

Chini ya picha, kwenye miamba myeusi, wamo wanaume wawili wamembeba mtu aliyekufa. Ni wadogo sana. Katika kitabu cha fundi tulikuwa tukiwaonyesha kwa ncha ya penseli, maana jicho la kwanza huwapita. Miili yao imeinama kwa uzito, na maiti analegea baina yao. Hawautazami mlima. Katika picha nzima iliyojaa ajabu ya kutazamwa, hao wawili peke yao hawana nafasi ya kuitazama, wana kazi mikononi. Na kwa kuwa ni wadogo, ndio wanaokupa kipimo cha mlima. Waondoe, na Vesuvius inaweza kuwa kichuguu kilichochomwa.

Wapo wasomi waliowahi kuhisi kwamba maiti huyo anadokeza kifo cha Pliny mkubwa, mjomba wa yule kijana mwenye barua, mkuu wa manowari za Kirumi kule Misenum, aliyevuka ghuba na merikebu zake kwenda kuwaokoa watu na akafia ufukweni Stabiae. Kama dhana hiyo ina ukweli, Mhariri, basi kitu pekee katika picha nzima kinachogusa mwaka 79 ni yule maiti. Mkaandika "79", kisha mkamkata.

Yule mwenye mkahawa wa Majengo naye aliwakataa watu hao. Alisema hawezi kuwalisha wateja chini ya maiti, na sikumlaumu, mahali pa kula pana adabu yake. Fundi akawabadilisha, wakawa wamebeba gunia. Picha ilipendwa, ila kila mteja mpya aliuliza lile gunia lina nini na kwa nini watu wanahangaika nalo mlima ukiwaka nyuma yao. Fundi hakuwahi kuwa na jibu. Lakini gazeti si mkahawa. Kila siku mnatuletea ajali, mafuriko, vita, na mnatuletea pamoja na watu wake. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo kule Kongo ilipolipuka na lava ikateremka hadi pembezoni mwa mji wa Goma, magazeti yetu yalichapisha wekundu wa anga, na chini yake akina mama barabarani na magodoro vichwani. Hakuna aliyewakata akina mama wale ili wekundu uonekane vizuri. Basi kwa nini mchoraji wa mwaka 1776 asipewe haki aliyopewa mpigapicha wa Goma?

Nina jirani, bibi wa Kingazija, ambaye jamaa zake bado wako Moroni, Komoro. Nilipomwonyesha ukurasa wenu hakuuliza kuhusu moto. Aliuliza, "Watu wako wapi?" Yeye anaujua mlima wa Karthala kwa namna isiyotiwa katika fremu. Ngazija haina mito ya kudumu, watu wengi huko hutegemea maji ya mvua yanayokusanywa kwenye birika, na Karthala ilipolipuka 2005, majivu yaliingia katika birika hizo yakayaharibu maji. Jamaa zake walimpigia simu kulia kiu, si moto. Baadaye mwanangu alimfungulia picha nzima kwenye simu, akaikuza kwa vidole mpaka wale wawili wakaonekana. Bibi alitazama muda mrefu, kisha akasema, "Hawa ndio wenye mlima." Nikaona Wright amepata mtazamaji wake.

Huenda mhariri wenu wa picha akafikiri Vesuvius iko mbali na watu wa Mombasa, nani atajua kilichokatwa. Mlima huo uko mbali, lakini volkano haziko mbali nasi. Tunakunywa maji yake. Maji ya chemchemi za Mzima, yanayoletwa na bomba hadi mjini humu, ni mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikapenya miamba ya volkano yenye matundu tele, ikasafiri chini kwa chini mpaka Tsavo Magharibi. Anayeingia mbuga hiyo kupitia upande wa Chyulu hulipita jabali jeusi la lava ya Shetani, kavu na lenye ncha, kana kwamba limemwagwa jana. Kilimanjaro ni volkano. Ol Doinyo Lengai kule Tanzania imelipuka katika karne hii tunayoishi. Sijawahi kuona turubai kubwa ya mafuta ya mlima wowote kati ya hiyo, iliyochorwa na mtu wa kwetu, ikichapishwa katika gazeti la Kiswahili kwa ukubwa mlioipa Vesuvius. Wachoraji wapo. Ninawajua vijana Old Town na Kongowea ambao mkono wao ni mwepesi kuliko wangu ulivyopata kuwa, na wanauza mandhari za jahazi na minazi kwa watalii kwa sababu ndicho kinachonunuliwa. Gazeti likimpa mmoja wao ukurasa, hata kama ni mara moja kwa mwaka, atapanda basi aende Chyulu akachore.

Lakini ukurasa huo hauwezi kuwa na heshima kwake kama hauna heshima kwa Wright. Mchoraji kijana anayeona kazi ya bingwa aliyefariki imenyolewa na jina lake limeachwa, anajua ya kwake itafanywaje. Kuna walimu katika shule za mtaani kwangu wanaokata picha kutoka gazeti lenu na kuzibandika darasani, kwa vile vitabu vya sanaa havitoshi. Kwa watoto hao ukurasa wenu ndio jumba lao la sanaa. Watabandikiwa Vesuvius isiyo na mwezi, isiyo na watu, na mwaka usio wake, na watakua nayo hivyo.

Nawaomba, basi, muichapishe tena ikiwa nzima. Jumba la Tate limeiweka mtandaoni, na mwanangu aliipata kabla chai yangu haijapoa. Ikiwa nafasi ni finyu, ipunguzeni ukubwa, msiikate: picha ya mapana haya ikishushwa hadi safu tatu za gazeti lenu bado mwezi utaonekana, na mwenye macho mazuri atawaona wale wawili. Chini yake andikeni: Joseph Wright wa Derby, Vesuvius ikilipuka, takriban 1776–80, rangi ya mafuta, Tate, London. Nimeyapima maneno hayo kwa rula kwa herufi zenu za maelezo ya picha. Yanaenea mstari mmoja wa safu tatu, na nafasi inabaki.

Mchora mabango,
Majengo, Mombasa